Majaji wa Rufani hutoka kazi zipi, na kibanja cha Muleba huwafikiaje?

Kila yanapotangazwa majina ya majaji wapya wa Mahakama ya Rufani, mazungumzo ya barazani kwetu Bukoba huishia kwenye maswali mawili: huyu ni wa dini gani, na ni mtu wa wapi. Swali la tatu, ambalo kwa maoni yetu lina uzito zaidi, huulizwa na wachache: kabla ya kuvaa joho lile alikuwa akifanya kazi gani? Ijumaa hii tumeona tulitazame swali hilo, kwa kuwa majibu yake hugusa mirathi, ndoa na ardhi za familia zetu.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliundwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 pamoja na mahakama yake ya rufaa. Majaji wake huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, na kwa kawaida rufaa husikilizwa na majaji watatu. Katiba hutaka shahada ya sheria na uzoefu wa miaka kadhaa, ama katika uhakimu, ama katika utumishi wa umma wenye sifa za uwakili, ama katika uwakili wa kujitegemea. Milango basi ni mingi, na kila mlango humpa anayeupitia jicho lake.

Tuwatazame Majaji Wakuu wanne waliofuatana. Augustino Ramadhani, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2007 hadi 2010, alitokea jeshini, ambako alifikia cheo cha brigedia, na aliwahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Mohamed Chande Othman, aliyemfuata hadi 2017, alikuwa mwendesha mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha, kisha akafanya kazi hiyo Timor ya Mashariki chini ya Umoja wa Mataifa. Ibrahim Juma, hadi 2025, alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. George Masaju, aliyeteuliwa Juni 2025, aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwanajeshi, mwendesha mashtaka, mhadhiri na wakili wa Serikali: ni upana wa kujivunia. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyejenga jina lake katika mahakama ya mwanzo, ambako ndiko mashauri mengi ya familia zetu huanzia.

Umbali huo si wa maneno matupu. Shauri la mirathi lililoanzia mahakama ya mwanzo hupanda wilayani, kisha Mahakama Kuu. Ili lifike Mahakama ya Rufani, Mahakama Kuu sharti ithibitishe kwamba lipo ndani yake suala la kisheria. Kwa hiyo kilio cha mjane hufika juu kikiwa kimegeuka karatasi na vifungu. Anayekisoma asipojua kibanja ni nini kwa Mhaya, kwamba ni migomba, ni buni, ni makaburi ya wazee na ni jina la ukoo, atasoma neno "ardhi" tu.

Mfano mashuhuri umetoka papa hapa Kagera, nao umefundishwa katika vyuo vya sheria ndani na nje ya nchi: Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke mmoja wa Muleba alirithi ardhi ya ukoo kwa wasia wa baba yake. Alipozeeka, akiwa hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akitegemea kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Mpwa akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua. Rufaa ikavuka ziwa hadi Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kanuni ile inapingana na haki ya usawa iliyomo katika Katiba. Kuanzia hapo mwanamke akahesabiwa sawa na mwanamume katika kuuza, na mwanaukoo akabaki na nafasi ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei.

Tuzingatie nani alianza. Kabla ya Jaji wa Mwanza, alikuwa hakimu wa wilaya, wa papa hapa Muleba. Cheo hakikumzuia kuisoma Katiba, na ukaribu wake na watu haukumfanya mtumwa wa mila.

Tulinganishe na shauri la wajane wawili wa Shinyanga waliozipinga kanuni hizo hizo za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba upo ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wakakata rufaa, na mwishoni mwa 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa kwa kasoro ya hati, bila kugusa kiini cha madai. Wajane wakaenda mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zimevunjwa. Haya yalitokea ingawa tangu mwaka 2000 Katiba ilikuwa imeziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ilibidi sheria ya mwaka 2018 ilikazie agizo hilo upya.

Hatudai kwamba majaji wale walikosa elimu. Tunachosema ni kwamba aliyeishi miaka mingi katika hati huona kwanza kasoro ya hati, na aliyewahi kumsikiliza mdaawa asiye na wakili huona kwanza mtu. Jopo la watatu linahitaji macho yote mawili.

Waislamu hatuna sababu ya kulishangaa hili. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo, akayajua ya sokoni kabla ya kuyatolea hukumu, na alipotakiwa kuwa kadhi alikataa kwa kuuogopa uzito wake. Mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyekulia katika ufukara, ndiye aliyekuja kuwa kadhi mkuu wa Harun al-Rashid.

Kwetu lipo jambo la ziada. Tangu mahakama za makadhi ziondolewe katika mfumo wa Serikali ya Tanzania Bara miaka ya 1960, mirathi ya Muislamu ikifika mahakamani huamuliwa na mahakimu na majaji ambao sheria haiwadai elimu ya fiqhi. Zanzibar ni tofauti: mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi hukomea Mahakama Kuu ya huko. Huku Bara mahakama huangalia maisha ya marehemu ili ijue kama ni mtu wa mila au wa sheria ya Kiislamu. Kwa Muislamu wa Muleba aliyeishi kwenye kibanja cha ukoo, jibu huweza kuelemea upande ambao mwenyewe hakuukusudia.

Basi tufanye yaliyo mikononi mwetu. Mwenye familia aandike, mbele ya mashahidi, kwamba mirathi yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, na aeleze lipi ni shamba la ukoo na lipi alilinunua kwa jasho lake. Tusijifiche nyuma ya mila kumnyima binti fungu ambalo Mola amemwekea. Na vijana wetu, wa kiume na wa kike, wanaosoma sheria wasiuone uhakimu wa mahakama ya mwanzo kuwa kazi ya walioshindwa. Waisome na fiqhi ya mirathi pamoja na Katiba, ili siku mmoja wao atakapoketi katika jopo la rufani, lile faili la Kashasha limkute mtu anayelijua.

Allah atuwafikishe katika uadilifu. Amin.