CV ya mwanafalsafa wa Nainokanoka

Juzi nilikuwa Karatu, nikakutana na mshkaji wangu wa Nainokanoka, kule juu Ngorongoro karibu na kreta ya Olmoti, ambako baridi ya asubuhi haina adabu. Jamaa ana digrii ya falsafa, GPA 3.9, na bahasha mkononi. Anaomba kufundisha falsafa chuo kikuu, ile ngazi ya chini kabisa wanayoiita TA. Zimebaki siku mbili.

Nikaisoma CV yake palepale tukinywa chai. Jamani! Kumbe dada wa stationari alichukua CV ya dereva wa watalii, akabadilisha jina. "Mchangamfu, hahitaji kusimamiwa." Hobi: mpira, muziki na kusafiri. (Kusafiri wapi, na nauli yenyewe ya kuja Karatu kaazima?) Tasnifu imefichwa mwisho kabisa, kichwa tu, mstari mmoja.

Mimi niliishia fomu foo, falsafa naisikia kwa majirani. Lakini nikamwuliza, "Kwani uliandika kuhusu nini hasa?" Hapo bwana akafunguka, chai ikapoa. Kwao wazee wakikaa enkiguena hawapigi kura, wanaongea mpaka wakubaliane. Je, hiyo ni demokrasia, au anayechoka kuongea ndiye anayeshindwa? Akamtaja Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyetetea uamuzi wa maafikiano. Akaja kwa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyehojiana na wazee wenye hekima vijijini, kitabu kikatoka mwaka 1990. Mshkaji anambishia Wiredu: vijana na akina mama wakinyamaza, eti inahesabiwa wamekubali.

Sasa hiyo ndiyo CV, nikamwambia! Vyuo vya umma vinataka TA awe na GPA isiyopungua 3.8. Kwa hiyo wote watakaobaki mezani wanayo. Atakachokuwa nacho yeye peke yake ni hilo swali. Basi tukaipandisha tasnifu ukurasa wa kwanza, chini ya digrii: kichwa, msimamizi, na sentensi tatu, yaani swali, jibu lake, na nani anayebishana naye. Chini yake somo la mantiki alilowasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ile makala aliyoituma kwenye jarida akataka tuiandike "imechapishwa". Nikagoma. Imetumwa ni imetumwa, na wale wasomaji kazi yao ni kupekua hoja.

Kasheshe ikawa wadhamini. Tangazo lilitaka watatu, naye kaweka diwani, mchungaji na mjomba. Watu wazuri wote, ila hakuna aliyeifungua tasnifu. "Msimamizi wangu nitamsumbua," akasema. Nikamsukuma, akapiga simu huku jasho linamtoka. Mzee akajibu, "Nitumie hiyo CV niione kwanza."

Tukarudi stationari. Mahali anapotoka palikuwa pameandikwa Karatu. Kisa? "Nikiandika Nainokanoka wataniona mshamba." Hapo nilikasirika kweli. Wazee wote wa tasnifu wako Nainokanoka, sasa wewe umewahoji ukiwa Karatu? Akacheka, akafuta.

"Nainokanoka inaandikwaje?" dada akauliza. Jamaa akachukua kalamu, akamwandikia kiganjani.