Saa Kumi na Moja Sokoni: Wahitimu Wetu, Usaili na Safari za Kutafuta Ajira

Mwishoni mwa mwezi Machi 2025, vijana wa Tanzania walijipanga katika vituo vya usaili mikoani kufanya mtihani wa kuandika wa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Nafasi zilizotangazwa zilikuwa 1,596. Maombi yaliyopokelewa yalikuwa 135,027, na waliokidhi vigezo wakaitwa kwenye usaili walikuwa 112,952. Kwa hesabu nyepesi, kila kiti kimoja kiligombewa na watu takribani 71. Hata kama wote wangeandika majibu sahihi bila kukosea hata nukta, zaidi ya laki moja na elfu kumi na moja wangerudi nyumbani mikono mitupu. Wenye kumbukumbu watarejea Juni 2014, pale Idara ya Uhamiaji ilipolazimika kufanyia usaili katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, kwa sababu watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameitikia tangazo la nafasi 70. Picha za majukwaa yale yaliyojaa wasomi, karatasi zikiwa magotini, zilisambaa kote, tukashangaa kwa wiki moja, kisha tukasahau.

Katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo, Bwana Yesu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka mara tano kwa siku moja kwenda sokoni kutafuta vibarua. Mara ya mwisho ilikuwa saa kumi na moja, na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatuhitaji mfafanuzi wa kutuambia kwamba hapo jua linakaribia kuzama. Aliwakuta watu wamesimama, akawauliza sababu. Jibu lao lilikuwa fupi: hakuna aliyewaajiri. Mara nyingi tunalipita jibu hilo haraka ili tufike kwenye suala la ujira. Lakini tazama kwamba mwenye shamba hakuwaita wavivu, wala hakuwauliza uzoefu wa miaka mingapi. Aliyaamini maneno yao. Wahitimu wetu wengi hawajapata bado mtu wa kuwaamini hata kiasi hicho, hata ndani ya nyumba zao wenyewe, ambako mjomba hachoki kuuliza kila Krismasi: "Sasa wewe, ile digrii inafanya nini?"

Yafaa tuelewe kutafuta kazi kunagharimu nini, maana wengi tulioajiriwa zamani tunadhani ni suala la kuandika barua na kusubiri. Leo maombi hutumwa kwa mfumo wa kielektroniki, na kabla ya kutuma mtu hulipia bando, kunakili vyeti steshenari, na kuvigonga muhuri kwa wakili. Akiitwa kwenye usaili, hutafuta nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala na chakula. Baada ya usaili wa kuandika huja wa mahojiano, na kwa kada fulani huja na wa vitendo. Kijana wa Kigoma au Songea anayeitwa Dodoma mara tatu kwa mwaka anaweza kumaliza mbuzi wote wa mama yake kabla hajapata barua ya kuitwa kazini. Na nyingi kati ya safari hizo huishia kwenye kimya. Mwajiri binafsi, hasa, hajibu kabisa. Hukataliwi wala hukubaliwi, unaachwa tu. Wahudumu wetu wa kichungaji wanaokaa na vijana wanajua kwamba kimya hiki huumiza kuliko jibu la hapana, kwa kuwa mtu huanza kujiuliza kama yupo.

Juu ya hayo kuna mambo mawili ambayo hatuna budi kuyasema kwa majina yake. La kwanza ni kazi kutolewa kwa kujuana. Hata pale ambapo mchakato ni safi, imani ya watu kwamba haupo safi imekwisha kuota mizizi, na imani hiyo peke yake yatosha kumfanya kijana aache kujiandaa na aanze kutafuta "mtu wa kumshika mkono". La pili ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa la jinai, na TAKUKURU ndiyo yenye dhamana ya kulishughulikia. Hata hivyo mabinti wengi hunyamaza wakihofia kuonekana kwamba wao ndio waliotaka. Mzazi anayemwambia binti yake "vumilia, kazi ni ngumu kupatikana" bila kuuliza anavumilia nini, anaweza kuwa anamsukuma shimoni bila kujua.

Suala la walimu lina uchungu wake wa pekee. Mapema mwaka 2025 walimu waliohitimu na kukaa miaka bila ajira waliunda umoja wao, NETO, wakaomba waajiriwe bila kupitishwa tena kwenye usaili. Hoja yao inaweza kujadiliwa, na serikali nayo ina hoja yake kwamba waombaji ni wengi mno kuliko nafasi na lazima kuwe na kipimo. Lakini mzazi yeyote mwenye mtoto katika shule ya msingi ya kijijini anajua darasa moja lina watoto wangapi. Kuwa na darasa lisilo na mwalimu upande mmoja wa barabara, na mwalimu asiye na darasa upande wa pili, ni jambo ambalo haliwezi kuelezwa kwa uvivu wa vijana.

Hapa ndipo Mafundisho Jamii ya Kanisa yanapotusaidia. Katika Waraka wake Laborem exercens, uliotolewa tarehe 14 Septemba 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alitenganisha mwajiri wa moja kwa moja, yaani yule anayesaini mkataba na kulipa mshahara, na mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani sheria, sera, taasisi na mifumo inayoamua kama kazi itakuwepo na itakuwa ya namna gani. Alifundisha kwamba ukosefu wa ajira ni uovu, na kwamba unaumiza kwa namna ya pekee unapowakuta vijana ambao wamekwisha kujiandaa kwa elimu na bado hawapati mahali pa kuitumia. Kwa mtazamo huo, Serikali, mabenki, vyuo na hata mataifa yanayonunua malighafi zetu bila kuzisindika hapa nchini wote wanahusika katika hatima ya kijana anayerudi kutoka Dodoma na bahasha yake.

Mfano mzuri wa mwajiri huyo wa pili ni mkopo wa elimu ya juu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya marejesho kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, hatua iliyopokelewa kwa shukrani na wengi. Ni haki mkopo urejeshwe, ili wadogo zao nao wasome. Ila deni huanza kudaiwa baada ya muda uliowekwa na sheria, ajira iwepo au isiwepo, na mhitimu aliyekaa miaka minne bila kipato huanza mshahara wake wa kwanza akiwa tayari nyuma.

Wapo wanaosema: basi wajiajiri. Neno hili limekuwa jepesi sana midomoni mwa wakubwa. Ni kweli halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na wapo vijana waliofuga kuku na kushona nguo kwa fedha hizo. Lakini mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya dosari katika utoaji na urejeshaji wake, ikarejea mwaka uliofuata, na katika kipindi hicho waliokuwa wamekwisha kuunda vikundi walibaki wakisubiri. Kujiajiri nako kunahitaji mtaji, soko na mtu wa kukuelekeza.

Mlango wa nyumbani ukifungwa, watu hutazama wa mbali. Historia yetu na Oman, hasa kupitia Zanzibar, ni ndefu, na wengi wana ndugu huko. Wanawake wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na wapo waliorudi na nyumba za bati na ada za wadogo zao. Wapo pia waliorudi na makovu. Mfumo wa udhamini unaoitwa kafala humfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na akiondoka bila ruhusa huhesabiwa mtoro. Qatar ililegeza kamba hiyo mwaka 2020 hata kwa wafanyakazi wa majumbani. Mageuzi ya Saudi Arabia ya Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi hao hao wa majumbani, ambao ndio wenye kuyahitaji zaidi.

Katika miaka ya karibuni mtego umebadilika sura na sasa unawawinda wasomi. Tangu mwaka 2022 Serikali ya Kenya imewaonya raia wake kuhusu matangazo ya kazi nchini Thailand: huduma kwa wateja, kompyuta, mshahara mnono, tiketi ya bure. Kijana hupokelewa Bangkok, husafirishwa hadi mpakani, huvushwa kuingia Myawaddy nchini Myanmar, hunyang'anywa hati ya kusafiria, na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa njia ya mtandao. Wanaotafutwa ni wale wanaojua Kiingereza na kompyuta. Kwa maneno mengine, shahada tuliyoihangaikia ndiyo inayomfanya awe windo zuri.

Yohane Paulo II alifundisha kwamba mtu ana haki ya kuondoka kwao kutafuta maisha, na ana haki ya kurudi. Hatuna ruhusa ya kuwahukumu wanaosafiri. Tuna wajibu wa kuwauliza maswali mapema. Wakala ana leseni ya Kamishna wa Kazi? Mkataba umeandikwa kwa lugha unayoielewa? Kwa nini unatakiwa kuingia kwa viza ya utalii? Nakala ya hati ya kusafiria ameachiwa nani nyumbani? Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, kwa hiyo anayedai fedha kabla ya safari atazamwe kwa jicho la pili.

Baki jambo moja ambalo ni rahisi kulikwepa. Kanisa nalo ni mwajiri. Tuna shule, zahanati, hospitali, vyuo, redio. Ndani ya taasisi hizo wapo vijana "wanaojitolea" mwaka wa tatu sasa, wakifanya kazi kamili kwa posho ya nauli, huku nafasi wanayoijaza ikiwa haijatangazwa. Tangu Papa Leo XIII alipotoa Rerum novarum mwaka 1891, Kanisa limedai mshahara wa haki kwa wengine, na Papa Leo XIV alipochagua jina hilo mwaka 2025 alieleza kwamba alimkumbuka mtangulizi wake huyo, kwa kuwa akili mnemba inaleta mapinduzi mengine ya viwanda. Dai hilo lianzie ofisini kwetu. Kujitolea kuwe na mwanzo na mwisho uliondikwa, na aliyeomba kazi ajibiwe, hata kwa mistari miwili.

VIWAWA wanayo tayari njia ya kuona, kuamua na kutenda waliyoirithi kwa Kardinali Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyewakusanya vijana wafanyakazi karne moja iliyopita. Parokia inaweza kuanza kwa daftari moja: nani amehitimu nini, nani katika Jumuiya Ndogo Ndogo ana karakana au duka la dawa, nani anakwenda usaili wiki ijayo na hana pa kulala Dodoma ilhali tuna waamini wenzetu huko. Tarehe 8 Februari, kumbukumbu ya Mtakatifu Josefina Bakhita aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto nchini Sudan, ni siku ya kusali dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Siku hiyo, waliorudi kutoka Ghuba na walio tayari kusimulia wapewe kipaza sauti baada ya Misa, na wanaopanga kuondoka wakae viti vya mbele.