Koo la Mtoto na Sumu ya Vijidudu

Mtoto wa Gitothua, mjini Ruiru, arudipo kutoka shuleni akilalamika kwamba hawezi kumeza mate, wazazi wengi humpa maji ya chumvi na kungoja. Mara nyingi maumivu hupoa yenyewe. Lakini yakija ghafula pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, yafaa apelekwe zahanati apimwe, kwani huenda kijidudu kiitwacho streptokokasi kimeingia. Watoto walalao chumba kimoja huambukizana upesi.

Kijidudu hicho hutoa sumu za namna kadhaa. Moja hupasua chembe nyekundu za damu. Nyingine huleta vipele vyekundu mwilini, kama walivyothibitisha madaktari George na Gladys Dick wa Chicago, Marekani, mwaka 1924. Tena iko hatari ijayo kimya kimya: majuma mawili au matatu baadaye, kinga ya mwili iliyojifunza kupigana na kijidudu yaweza kuugeukia moyo na kuharibu vilango vyake. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15.

Penisilini hukiua kijidudu hiki. Vidonge vyake humezwa kwa siku 10 kamili. Basi koo likipoa siku ya tatu, dawa isiwekwe kando, maana adui hajaisha. Vilango vya moyo vikiharibika, huenda mtoto akahitaji kupasuliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.