Subwufa Inapozidi Chumba

KANDO YA NILE
Na Yusufu Wandera

Ukiingia kwenye studio ndogo za Walukuba, au za kule Mbale, utakuta spika mbili za inchi 5 juu ya meza, na chini kwenye kona subwufa ya inchi 12 iliyostaafu kupiga muziki wa harusi. Vijana wanaipenda kwa sababu inatikisa bati. Mimi naona ndiyo inayowaharibia nyimbo.

Spika ya inchi 5 si mbovu. Chukua Yamaha HS5: kiwanda chenyewe kinasema inashuka hadi Hz 54. Waya mnene wa gitaa la besi hulia kwenye Hz 41. Kuliziba pengo hilo ndiyo kazi ya subwufa. Sasa mtu akiiachia iimbe hadi Hz 150, besi ile ile inatoka kwenye subwufa na kwenye spika pia. Prodyuza anaona imejaa, anaipunguza, na wimbo ukifika kwenye redio ya teksi umekonda kabisa. Analaumiwa mwimbaji.

Ikate subwufa kwenye Hz 80 hivi, na spika ndogo nazo zizuiwe zisishuke chini ya hapo. Subwufa nyingi za studio zina matundu ya kupitishia waya wa spika kwa ajili hiyo hiyo. Ile ya harusi mara nyingi haina. Kisha kuna kile kiswichi cha nyuma kinachogeuza mawimbi ya sauti, ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Piga besi, kaa kwenye kiti chako, mwenzio akigeuze. Upande unaokupa besi nene zaidi ndio sahihi, maana kwenye ule mwingine spika na subwufa zinauana.

Chumba ndicho kigumu zaidi. Kuta mbili zikiwa mita 4 kutoka moja hadi nyingine, sauti ya kama Hz 43 hunasa katikati yake, na hiyo ni karibu ile ile ya waya wetu wa besi. Ukutani inanguruma, katikati ya chumba inapotea. Dawa yake ni bure: pandisha subwufa kwenye kiti unachokalia, cheza wimbo wenye besi, kisha tambaa kandokando ya kuta. Utakaposikia besi imetulia, hapo ndipo pa kuiweka. Mtu mzima anatambaa, wacha wacheke.

Wazee wa Busoga hawakuhitaji kutambaa. Embaire, ile marimba kubwa ya kijiji cha Nakibembe, ambayo lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa rekodi yake mwaka 2023, ina vibao virefu vilivyolazwa juu ya vigogo vya mgomba, na chini yake limechimbwa shimo la kuikuza sauti. Shimo liko pale pale chini ya vibao, kwa hiyo uzito na mlio vinatoka mahali pamoja. Sisi tumenunua shimo tukaliweka kona ya pili ya nyumba.

Msimu wa tohara ya imbalu ukikaribia, nyimbo za ngoma ya kadodi zitarekodiwa usiku na mchana. Prodyuza acheze wimbo anaoujua vizuri, subwufa ikiwa imezimwa, kisha aiwashe. Akiweza kunyoosha kidole na kusema besi inatoka kona ile, aipunguze.