Kigoma hadi Songwe: kwa nini lazima tupitie Dar?

Bibi yangu alifariki Ujiji alfajiri ya Jumanne. Mjomba akanipigia: "Mwanangu, bibi ametutoka. Tunazika baada ya Adhuhuri."

Mimi nasoma sheria Mbeya. Nikashika simu kutafuta ndege. Uwanja wa Songwe upo, wa Kigoma upo, nauli ningekopa kwa wenzangu wa hosteli. Ila kila tiketi niliyoiona ilinipeleka kwanza Dar es Salaam, nilale huko, kesho yake ndiyo nirudi magharibi. Nikapanda basi. Nikalala Mpanda, nikafika nyumbani Jumatano jioni, nikaonyeshwa kaburi.

Baada ya msiba nikachukua ramani. Kutoka Songwe hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 600. Hizi ndege zetu za mapangaboi zinamaliza hapo kwa saa moja na dakika kadhaa. Ukipitia Dar unaruka kama 690 kwenda pwani, halafu karibu 1,080 kurudi. Jumla inakaribia 1,770, mara tatu ya safari yenyewe, bado hujahesabu kusubiri na kulala. Kwa barabara, kupitia Sumbawanga na Mpanda, ni zaidi ya kilomita 800.

Tutaambiwa abiria hakuna. Sawa, lakini abiria wa njia ambayo haipo utamhesabu wapi? Na weka rula kwenye hiyo ramani uone: mstari unapita karibu kabisa na Mpanda, ambako uwanja upo tayari. Ndege moja mara mbili kwa wiki, Songwe, Mpanda, Kigoma, inaunganisha mikoa ambayo leo inaonana kwa kupitia pwani. Hatuombi ijae kila siku. Mbona Chato ilipojengewa njia ya kurukia ya kilomita 3, hakuna aliyedai kwanza orodha ya abiria?

Shida hii ni ya zamani kuliko CCM, tuseme ukweli. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na kazi yake ilikuwa kuunganisha ziwa na bandari, siyo kumkutanisha mtu wa Kigoma na mtu wa Mbeya. Wakoloni waliondoka, tukapata uhuru, tukanunua ndege, na bado tunazirusha kwa ramani ileile.

Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia haki ya kwenda kokote katika Jamhuri. Mwalimu wangu atasema haki hiyo haiilazimishi serikali kukuletea ndege, na kisheria yuko sahihi. Ndiyo maana sizungumzii mahakama hapa. Nazungumzia bajeti.

Najua pia kwamba majirani zangu wengi Ujiji hawatapanda ndege hata ikianza kesho, nauli itawashinda. Na hata hiyo ndege ingekuwepo, huenda isingeruka Jumanne ile. Lakini mgonjwa wa rufaa, mfanyabiashara wa dagaa, mwanafunzi aliyefiwa, wangekuwa na siku mbili za kutegemea kwa wiki.

Vijana wenzangu wa Kigoma, Katavi, Rukwa na Mbeya, kabla ya Bunge la bajeti kila mmoja amwandikie mbunge wake, awe wetu au wao. Swali ni moja kwa Waziri wa Uchukuzi: Songwe–Mpanda–Kigoma inaanza lini, na kama haianzi, hesabu zilizoikataa ziko wapi? Barua yangu nimeshaipeleka. Nikijibiwa nitaiweka hapa, nisipojibiwa pia nitasema.