Ushahidi wa Kipini Nao Uhesabiwe

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliposhika nafasi ya NHIF iliyoasisiwa mwaka wa 1966, mjadala mwingi umehusu michango: asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Swali lililo zito zaidi halijapewa haki yake. Ni matibabu gani yalipiwe, na kwa kigezo gani?

Hakuna hazina duniani iwezayo kulipia kila kitu. Uingereza iliunda asasi ya kupima manufaa na gharama za matibabu mwaka wa 1999. Thailand ikaunda yake mwaka wa 2007. Kenya nayo imeunda jopo la kushauri kuhusu huduma na viwango vya malipo. Hatua hiyo ni ya busara, kwani ushahidi huzuia fedha za umma kufuata sauti za wenye nguvu.

Hata hivyo, ushahidi huhesabu kilichoandikwa. Kipini, Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi, mkulima na mvuvi huishi na malaria, kichocho na hatari ya nyoka. Mafuriko yakikata barabara, aliyeumwa na nyoka hutibiwa nyumbani, ama huzikwa, bila ya jina lake kuingia kitabuni. Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi yaliyopuuzwa mwaka wa 2017. Jopo likisoma madai ya hospitali peke yake, litahitimisha kwamba mikasa hii ni haba. Uhaba huo utakuwa wa karatasi tu.

Aidha, dawa ya kichocho ni ya bei nafuu mno ikilinganishwa na kumtibu aliyekwisha haribika ini au kibofu. Hoja ya gharama yenyewe, basi, inamtetea mtu wa Kipini, mradi ahesabiwe.

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 huingia nyumba kwa nyumba. Habari wanazokusanya sharti zifike mezani pa jopo. Kisha orodha ya yatakayolipiwa, pamoja na sababu zake, itangazwe kwa lugha anayoifahamu mlipaji. Mvuvi atoaye shilingi zake 300 ana haki ya kujua amenunua nini, na kwa nini alinyimwa kilichosalia.