Likizo Gani ya Familia, Mama Hana pa Kukaa?



Msimu wa harusi umefika, na kila biharusi anayekuja kwetu kupima nguo anasema lile lile: "Fungate tunakwenda Nungwi." Au Paje, au Kiwengwa. Tukimuuliza atavaa nini huko, anacheka, kisha ananyamaza.

Tuseme ukweli. Hoteli za ufukweni zinajitangaza kuwa ni za familia. Familia ipi? Baa iko pembeni ya meza za watoto, muziki haulali, na mama aliyejisitiri anakaa chini ya mwavuli akilinda mikoba ya wenzake. Hoteli moja tuliyokwenda na watoto ilitukataza kuingia bwawani na nguo za kuogelea za stara tulizozishona wenyewe, kwa kitambaa kile kile wanachovaa wengine. Tulilipa sawa na wageni wote, tukaogelea kwa macho.

Bahari hatuichukii, ndiyo iliyotulea. Tunachokataa ni kutoa pesa za upatu wa mwaka mzima ili tukaone haya katika ardhi yetu wenyewe.

Ushauri wetu: vukeni maji, mwende Mikumi. Shukeni boti Dar, pandeni treni ya SGR. Treni hiyo ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na Agosti mwaka huo Rais Samia akaizindua safari yake hadi Dodoma. Kilosa imo njiani. Ni mji mkongwe wa reli, na adhana mtaisikia. Kutoka hapo mnashika gari kuelekea kusini mpaka Mikumi.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ipo tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Iringa inaikata katikati kwa kilomita 50 hivi. Tembo, twiga, nyati na pundamilia wako kwenye mbuga ya Mkata. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, bei ya mwananchi.

Lakini kilichotupendeza zaidi ni hiki: ndani ya gari la hifadhini wote ni sawa. Bibi, mama mkwe, mtoto wa miaka mitano na biharusi mwenye nikabu, kila mmoja ana dirisha lake na wote wanamuona tembo yule yule. Hakuna anayeambiwa apunguze nguo ndipo afurahi. Hiyo ndiyo likizo ya familia.

Mtatuambia, "Fungate gani ya porini?" Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.) wakiwa safarini. Kumfurahisha mke hakukuwekewa sharti la mchanga mweupe. Mtatuambia pia gari la kukodi ni ghali. Kweli ni ghali, basi gawaneni familia mbili tatu. Anayekwenda na watu wake hahitaji chumba cha kupigia picha.

Sasa neno la fundi. Mikumi kuna mbung'o, na mbung'o hupenda rangi nyeusi na buluu. Buibui jeusi liacheni kwa ajili ya mjini. Shoneni abaya ya kahawia au rangi ya udongo, kitambaa kisiwe chepesi maana wanauma juu ya nguo, mikono itiwe lastiki, na soksi msisahau. Stara haipungui kwa kubadili rangi.

Na nyinyi wenye hoteli za ufukweni, hatuombi hisani. Tengeni hata saa mbili za wanawake bwawani, ruhusuni nguo za stara, baa iwe mbali na watoto. Hapo mtakuwa na haki ya kuandika neno "familia" kwenye tangazo lenu, nasi tutakuja. Mpaka siku hiyo, pesa zetu zinapanda boti.